Darasa la hina kwa mabinti wakati wa likizo: anza na unga, maua yatafuata

Wengi wakitaka kufungua darasa la hina kwa mabinti, kitu cha kwanza wanachofanya ni kudaunilodi picha za maua, wanaprinti, wananunua koni za dukani boksi zima, na siku ya kwanza kila mtoto anapewa yake aanze kumchora mwenzake. Siku hiyo inakuwa raha sana, sikatai. Ila hapo hujamfundisha kitu, umempa tu koni ambayo wewe mwenyewe hujui ndani kuna nini, na kesho akitoka hapo ataenda kununua ingine yoyote atakayoiona, nyeusi, nyekundu, ile inayokolea dakika kumi, kwake zote ni hina. Mimi naendesha darasa hili Mombasa, wasichana wa miaka 13 mpaka 17, na msimamo wangu ni mmoja tu: mtoto hachori ngozi ya mtu kwa hina ambayo hakushiriki kuikoroga. Akishajua hina inafanyaje kazi hata umpe piko (ile nyeusi ya haraka) ya bure ataikataa, na hilo ndo lengo lenyewe, maua ni ziada.

Basi nawaandikia wale wanaotaka kuanzisha kwao, iwe ukumbi wa mtaa, madrasa, maktaba, hata sebuleni kwako.

Kabla ya yote, ongea piko

Usiruke hii. Siku ya kwanza kabla hujafungua hata pakiti moja kaa nao chini uwaambie ukweli wa piko, manake asilimia kubwa yao washaipaka, na mama zao pia, na dada alieolewa juzi pia. Piko ile nyeusi ti inayokolea mara moja si hina, ni rangi ya nywele, na kinachoifanya iwe nyeusi ni kemikali inaitwa PPD. Kwenye rangi za nywele Ulaya sheria yao inataka isizidi asilimia 2, na kuipaka kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Sasa huku mtaani mtu anachukua unga wa rangi ya nywele anauchanganya na maji anakupaka mkononi, hakuna anaepima asilimia yoyote.

Waambie inavofanya. Mtu anaweza kupaka mara ya kwanza asione kitu, mara ya pili pia, mwili unaanza kuichukia kimyakimya, alafu siku moja mkono unawasha, unavimba, malengelenge yanatoka kwa kufuata mchoro uleule, ua kwa ua. Yakipona yanaweza kuacha kovu au alama nyeupe. Na ikishafika hapo ule mzio hauondoki, ni wa maisha, akija kuwa mtu mzima atake kupaka rangi nywele zake anaweza kuvimba uso mpaka akalazwa. Mabinti wakisikia hilo la nywele ndo wanashtuka zaidi kuliko kovu, sijui kwanini, lakini tumia kinachowaingia.

Alafu wape dalili za kuitambua hina feki. Hina ya kweli haiwezi kuwa nyeusi tangu mwanzo, ukiibandua inakuwa rangi ya chungwa na ndani ya siku moja au mbili inageuka kahawia au nyekundu iliyoiva. Yeyote anaekuahidi dakika kumi anakuuzia kitu kingine. Na hii hapa ndo hoja yangu ninayoipenda: hina iliyokorogwa ikikaa nje ya friji na hili joto letu siku moja mbili tu nguvu imeisha, sasa jiulize ile koni ya dukani imetoka ng'ambo kwa meli, ikakaa stoo, ikakaa rafuni miezi, na bado inakolea vizuri tu, inakolea kwa nini? Waache wajibu wenyewe. Kuna pia watu wanaotia mafuta ya taa au petroli ili ikolee haraka, mwambie mtoto anuse kwanza, ikinuka gereji airudishe.

Walioko Marekani ambao mnafanya haya na watoto wetu kwenye maktaba na vituo vya jamii, jueni kwamba kule FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, imeikubali hina kwa nywele tu, hata hii ya asili haijaidhinishwa kwa ngozi, kwa hiyo mzungumze na wenye jengo mapema na karatasi ya mzazi iseme wazi mnatumia nini.

Mzazi, na maswali ya kumuuliza

Fomu iwe fupi, ukurasa mmoja, tena kwa Kiswahili cha kueleweka, na kama mama hasomi mpigie simu. Muulize: mtoto ana mzio wowote? ashawahi kuvimba au kuwashwa na piko au rangi ya nywele? ana pumu (kwa sababu ya harufu ya mafuta)? ana ukurutu au vidonda mikononi? Na swali moja ambalo wengi hawaliulizi, ashawahi kuambiwa hospitali ana upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu)? Huo upungufu uko kwa wingi sehemu zenye malaria, Pwani yetu ikiwemo, na mwenye nao hina inaweza kumvunja chembe nyekundu za damu. Wazazi wengine hawalijui hilo jina ila wanakumbuka waliambiwa mtoto asipewe dawa fulani za malaria, sasa ukisikia hivo huyo hapakwi, ila asifukuzwe darasani, achore karatasi na mishumaa, nitakuja huko. Na kama kuna binti anakuja na mdogo wake wa miaka mitatu eti na yeye apakwe, hapana, watoto wadogo hawapakwi, haijalishi analia vipi.

Upande wa shule sasa. Shule zetu nyingi hazitaki kuona hina mkononi, mtoto anaweza kurudishwa nyumbani, na hina mkononi hukaa wiki moja mpaka tatu kutegemea ngozi na mahali. Kwa hiyo siku ya kupaka ngozi ipange mapema kwenye likizo, hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kufungua shule. Ukichelewa wapake miguu, soksi zitafunika.

Unga

Usinunue hina ya nywele ya pakiti kubwa ile ya bei ya chini, imesagwa kwa mbegu na vijiti na saa zingine ishatiwa dawa. Tafuta unga wa hina ya mkono, uliochujwa vizuri, soko la Marikiti utapata na kwa wauzaji wa viungo, mwingi unatoka India, hasa Sojat kule Rajasthan, mwingine Pakistan, Yemen, Sudan. Rangi yake iwe ya majani, harufu ya majani makavu. Kama ni mweusi, au una harufu ya dawa, uache. Ukiwa kahawia ni wa zamani, jua na hewa vimeula. Na ununue mapema kabla ya Ramadhani kwisha, manake kumi la mwisho bei zinapanda na mzuri unaisha.

Ukifika nyumbani uchuje tena hata kama pakiti imeandika umechujwa mara tatu. Chukua stokingi safi, ivute kwenye mdomo wa bakuli, mimina unga kidogokidogo ukisugua na kijiko. Kazi hii wape wasichana siku ya kwanza, wawili wawili, wakiwa wamejifunga leso (kanga) kifuani manake unga unaruka. Utaona wanashangaa vile vijiti vinavyobaki juu, na hapo unawaambia hicho kijiti kimoja ndo kitakachoziba koni yako katikati ya ua na ukikamua kwa hasira kitatoka na bonge la hina likamwagike kwenye kidole cha mwenzio.

Kukoroga

Kipimo changu kwa darasa la watu kumi na mbili: unga gramu 100, sukari vijiko vya mezani viwili na nusu (gramu 30 hivi), mafuta vijiko vya mezani viwili, na maji ya ndimu yaliyochujwa yaliyochanganywa nusu kwa nusu na chai ya rangi iliyopoa, kama mililita 300 lakini usimimine zote. Hapo utapata koni ishirini hivi za gramu 20, zinatosha darasa zima na za kuchezea zinabaki.

Mafuta ninayosema ni yale makali ya kunukia, ya mti wa chai (tea tree, si majani ya chai ya kunywa) au lavenda, ya famasi, halisi, si manukato ya kujipulizia. Haya ndo yanayokoleza rangi. Mkaratusi pia unafanya kazi ila harufu kali, ukiwa na mwenye pumu uache. Wengine watakwambia tia mafuta ya karafuu, ndo mambo ya bibi zetu, sawa, mtu mzima na hiari yake, lakini karafuu inachoma ngozi laini na mimi kwa watoto sitii. Mzazi asipotaka mafuta kabisa koroga ya kwake kando kwa ndimu na sukari tu, itakolea kiasi.

Unga kwanza kwenye bakuli la kioo au udongo (chuma usitumie), sukari, alafu ndimu kidogo kidogo huku unakoroga mpaka iwe nzito kama mtindi ulioganda, hapo tia mafuta, koroga tena mpaka mabonge yaishe. Iache nzito, usiilegeze leo, kesho ikishalala itakuwa imelainika yenyewe ndo utaongeza ndimu ikihitajika. Ukiilegeza leo kesho utakuwa na supu. Funika kwa nailoni iguse juu ya hina yenyewe hewa isipite, alafu weka mahali pa joto la kawaida.

Hapa sasa waeleze kwa nini tunasubiri, na wale wa sayansi darasani wataamka. Jani la mhina lina rangi inaitwa lawsoni, imejificha ndani ya jani, ile asidi ya ndimu ndo inaitoa polepole. Ikishatoka ikigusa ngozi inaingia na kushikana na keratini, ile protini ya ngozi ya juu, kucha na nywele. Ndo maana kiganja na nyayo zinakolea kuliko mkono wa juu, ngozi ya hapo ni nene, rangi ina pa kushika. Na ndo maana inafutika baada ya wiki chache, si kwamba rangi inapauka tu, ni ngozi yenyewe ya juu inayotoka.

Kwa joto la Mombasa masaa sita mpaka manane yanatosha, kwa hiyo ukikoroga usiku kabla ya kulala asubuhi iko tayari. Nairobi au sehemu za baridi inaweza kutaka masaa kumi na mbili au zaidi. Namna ya kujua, tia tone kwenye kiganja, subiri dakika tano, futa. Ikiacha doa la chungwa lililowaka, tayari. Ukitaka mchezo mzuri wa siku ya kwanza korogeni vikombe vitatu vidogo, kimoja ndimu, kimoja chai tupu, kimoja maji, kila saa kila mmoja anajitia matone matatu anaandika kwenye daftari lipi limewaka. Wanabishana hapo mpaka unacheka.

Ikishaiva na hutumii siku hiyo, jaza kwenye koni weka friza, itakaa miezi. Friji ya kawaida siku chache. Nje, hesabu masaa tu. Ile iliyopita muda usiitupe, hiyo ndo dhahabu ya darasa, haina rangi lakini inatoka kwenye koni vilevile, kwa hiyo mazoezi yote wanafanyia hiyo na hakuna anaepoteza unga wa pesa.

Koni

Selofeni ya kufungia zawadi au maua, ile ngumu inayolia. Mifuko ya plastiki Kenya ilipigwa marufuku 2017 kwa hiyo usimfundishe mtoto kuhangaika na mifuko ya duka, na isitoshe ile laini inakunjamana na koni inapinda. Kata mstatili, kama sentimita 13 kwa 18, shika katikati ya upande mrefu, hapo ndo patakuwa ncha, kunja upande mmoja ukizungusha mpaka ncha ifunge kabisa pasipite hata mwanga, bandika selotepu kuanzia juu mpaka chini. Jaza nusu, kidogo zaidi ya nusu, wasijaze wote pomoni wakaja kulia inatokea nyuma. Kunja pembe mbili, kunja juu, selotepu. Ncha usiikate kwa mkasi mkubwa, chomeka pini au kata uzi tu, tundu likiwa kubwa hakuna kurudi nyuma.

Watafanya koni mbovu nyingi. Waache, kila mtu akunje angalau tano za karatasi kabla hajapewa selofeni.

Mistari kabla ya maua

Hapa ndo utapambana nao manake wao wanataka waridi la mkono mzima siku ya kwanza kwa vile wameliona TikTok. Ukikubali umekwisha. Chapisha karatasi ya mistari, iweke ndani ya folda ya plastiki angavu, wachore juu yake kwa hina iliyokufa, wapanguse kwa kitambaa, warudie. Mstari ulionyooka, mstari wa wimbi, nukta zinazolingana ukubwa, nukta inayovutwa mkia iwe tone, tone mbili ziwe jani, majani yawe mzabibu. Hayo tu. Mtu akishaweza tone lenye mkia mwembamba bila kutetemeka, maua yote duniani anayo.

Makosa utakayoyaona ni yaleyale: koni inalala ikagusa ngozi (inatakiwa ielee juu kidogo, uzi wa hina uanguke wenyewe), kukamua kutoka katikati badala ya nyuma, kuinua koni bila kuacha kukamua ndo pale mwisho wa mstari panakuwa na bonge, na kukaa vibaya, kiwiko kiko hewani. Kiwiko kikae mezani, kidole kidogo kiguse mkono wa anaechorwa.

Michoro, mimi siwapi picha za mtandaoni mpaka wamalize hii: kila mmoja aje na leso ya mama yake. Chukua pindo, ile mistari ya pembeni, ichore kuzunguka kifundo cha mkono. Chukua ua la mji, lile pambo la katikati ya leso, liweke katikati ya kiganja. Korosho ya leso ndo ileile inayojaa kwenye hina ya Kihindi, na mtoto akiona kwamba anayo nyumbani kwenye kabati la mama hatetemeki tena. Alafu walioko Lamu au Unguja wana bahati, milango ya nakshi imejaa mitaani, watume wakapige picha za milango, ile minyororo na maua ya mbao yote yanahamia mkononi. Baadae ndo uwaonyeshe tofauti, ya Kihindi imejaa hakuna nafasi, ya Kiarabu maua makubwa yanapita kimshazari na ngozi inaonekana, na wachague wenyewe.

Na alika bibi mmoja wa mtaani aje awaambie hina ilivyokuwa. Majani mabichi yakitwangwa na ndimu, nyayo na ncha za vidole zikizamishwa zote bila ua hata moja, somo (mama anaemfunda bi arusi) akimtia bi arusi hina huku nyimbo zinaimbwa. Desemba 2024 UNESCO iliandikisha mila za hina kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu kwa ombi la nchi za Kiarabu, Oman wamo, sisi wa Pwani hatumo kwenye hilo faili, sasa angalau watoto wetu wasikie kutoka kwa mwenyewe, tena mmoja arekodi kwa simu kama bibi ameridhia.

Siku ya ngozi

Siku moja kabla, kila mtu atiwe nukta moja ya hina hiyohiyo upande wa ndani wa kiwiko, akalale nayo, kesho uangalie. Pamewasha au pamevimba, basi, huyo achore tu.

Muda ni kitu watu hawakifikirii. Hina inataka ikae masaa manne au zaidi ikiwezekana, na darasa lako lina wanaoswali. Rangi yenyewe haizuii udhu ila ile hina iliyokauka juu inazuia maji, lazima itoke. Ukiwaanzisha mchana adhuhuri na alasiri zitakukata katikati. Mimi naanza asubuhi, saa mbili wako hapo, saa tatu michoro imekwisha, wanakaa nayo mpaka saa sita na nusu, wanaibandua, wanatia udhu, wanaswali. Ni masaa matatu na nusu, si haba, kwa kiganja yanatosha. Ikiwa kuna walio kwenye siku zao wao wanaweza kukaa nayo mpaka jioni, na wanajipanga wenyewe, wewe usiulize mtu mbele ya watu.

Kila mmoja apakwe mkono mmoja tu. Mkono wa kushoto, ili abaki na wa kulia wa kula. Na wote waende choo kwanza, wote, hata anaesema hana haja.

Mkono uoshwe kwa sabuni, usipakwe losheni wala mafuta, ukauke. Wakae wawili wawili, anaechora na anaechorwa, mchoro mdogo, kiganja au nyuma ya mkono, hakuna kupanda mpaka kwenye bega. Sheria ya darasa langu ni mikono na miguu basi, shingo, kifua, tumbo, mgongo, hapana, na hilo wazazi wanalifurahia sana. Feni punguza, ikikauka haraka inapasuka na kudondoka. Ikianza kukauka gusia kwa pamba maji ya ndimu yenye sukari, kidogo tu, isilowe, inashikilia hina isidondoke. Na wakae kivulini, manake ndimu na jua kali kwenye ngozi havipatani, inaweza kuunguza ikaacha madoa.

Kubandua wakwangue kwa mgongo wa kisu cha kulia au kipande cha kadi, wapake mafuta ya nazi. Asieswali wakati huo maji asiguse mpaka kesho, anaeswali apake mafuta kabla ya udhu na asitumie sabuni. Hakuna kuogelea baharini siku hiyo. Na hakuna kuosha vyombo, hilo hata usihangaike kuwakumbusha, watakuwa washamwambia mama kabla hujamaliza sentensi.

Watasikitika rangi ni ya chungwa. Waambie wapige picha leo na wapige kesho kutwa.

Wavulana na wasiotaka kupakwa

Kaka zao watakuja kuchungulia. Kwetu hina ya maua ni ya wanawake na sitaki vita na mzee wa mtu, kwa hivyo wavulana na yeyote ambae hapakwi nawapa mishumaa mikubwa myeupe, fremu za mbao, vibuyu, ngozi za ngoma ndogo. Kwenye ngozi ya ngoma na mbao hina inashika rangi vizuri sana, kwenye mshumaa inakaa juu juu ila inapendeza. Kuna kijana anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko wasichana wote hapo, sasa utamnyima kwa nini. Na watoto wa Kikristo wakija na mama anauliza kama hii ni mambo ya dini, mjibu kwa utulivu ni urembo wa majani, Wahindi wa dini zao wanapaka, akitaka mtoto achore mbao tu pia karibu.

Picha na pesa

Picha piga mikono tu, nyuso zisionekane, majina yasiandikwe, na mzazi awe ametia sahihi. Kuna familia hata mkono hawataki uonekane mtandaoni, heshimu.

Pesa watauliza wenyewe, manake usiku wa kuamkia Idi wanaona foleni kwenye nyumba za wapakaji mpaka alfajiri. Usiwakatishe tamaa ila wawekee masharti. Mwaka wa kwanza apake nyumbani kwa ndugu na majirani, mama yake akiwepo. Haendi kwa mteja asiemjua, haendi hotelini, haendi beach peke yake kutafuta watalii, hata akiahidiwa dola. Huko beach ndo piko imejaa pia, wageni wanapaka watoto wao wanarudi kwao na malengelenge, na lawama inaangukia hina. Mteja akija anataka nyeusi, binti aseme hana. Akisisitiza, aende kwingine, hiyo pesa aiache.

Mfundishe pia kuandika tarehe kwenye kila koni kabla haijaingia friza, kutotumia koni moja kwa mtu mwenye kidonda alafu ikaenda kwa mwingine, na kuuliza yale maswali ya fomu kwa mdomo kabla hajagusa mkono wa mtu yeyote, hata kama ni shangazi yake. Shangazi ndo wenye piko nyingi kuliko wote, na akiwa ashawahi kuvimba atakwambia pale tu utakapomuuliza.